Ramani ya Mlima Kenya: vipimo vizuri, majina yasiyoelezwa

Niliinunua ramani hii ya karatasi mjini Nanyuki kwa shilingi 1,500, siku moja kabla ya kuupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, na niliitumia kwa siku nne hadi kilele cha Lenana na kurudi.

Kwa upande wa vipimo sina malalamiko. Karatasi yake haipenyi maji, na mistari ya kontua, inayoonyesha mwinuko wa ardhi, inasomeka hata usiku kwa mwanga wa tochi ya kichwani. Pale mistari ilipobanana, baada ya Kambi ya Shipton, ndipo pumzi zilipotuishia. Urefu wa vilele vikuu umeandikwa sawasawa: Batian mita 5,199, Nelion mita 5,188 na Lenana mita 4,985.

Kasoro yake kubwa ni majina. Halford Mackinder, mwanajiografia Mwingereza aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899 pamoja na waongozaji César Ollier na Joseph Brocherel, alivipa vilele hivi majina ya Wamaasai: Mbatian, laiboni (kiongozi wa kiroho) mkuu, Nelieng, nduguye, na Lenana, mwanawe aliyeurithi ulaiboni. Nyuma ya ramani kuna nafasi kubwa iliyojazwa ushauri kuhusu mavazi, lakini hakuna hata sentensi moja inayomweleza msomaji kwamba anatazama majina ya watu wa ukoo mmoja, wala kwamba Mbatian alipoteza herufi yake ya kwanza alipoingizwa katika ramani. Jina Kirinyaga, wanaloliita Wakikuyu mlima wao, halimo. Kirimaara la Wameru halimo pia, ingawa mpagazi wetu, Mmeru, alilitumia njia nzima. Nilisikitika kumwona akilitafuta jina hilo kwa kidole asilipate.

Barafu nayo imechorwa kana kwamba haijapungua: ile ya Lewis imepewa eneo pana kuliko tulilolikuta, na ile ya Gregory bado ipo kwenye karatasi ilhali mlimani imekwisha kutoweka. Mtu asipange njia yake kwa kutegemea rangi hiyo nyeupe.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Anayetafuta njia na kambi ainunue bila wasiwasi. Mwalimu anayetaka kuwafundisha wanafunzi mlima huu asubiri toleo jingine. Nimekwisha kuwaandikia wachapishaji kuwaomba waongeze majina ya wenyeji na maelezo mafupi ya asili ya yale ya vilele.