White Risk: uzoefu wangu na programu ya hatari za theluji Uswisi

Naishi Uswisi, na majira ya baridi hupanda milima kwa viatu vya theluji. Ski siziwezi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu wenzangu wengi hudhani maporomoko ya theluji yanawahusu wanaoteleza tu, kumbe anayetembea taratibu naye anaweza kulikata bamba la theluji, yaani tabaka lililoshikamana ambalo huvunjika na kuteleza kwa pamoja.

White Risk ni programu ya simu, ya bure, kutoka SLF, taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos. Kiini chake ni taarifa ya hatari inayotoka saa 11 jioni, na katikati ya majira ya baridi huhuishwa tena saa 2 asubuhi. Ya jioni ndiyo ninayochagulia njia. Ya asubuhi naisoma nikiwa kwenye treni, nione usiku umebadilisha nini.

Wageni hukimbilia namba. Ngazi za hatari ni 1 hadi 5, basi mtu akiona 3 anaisoma kama alama ya C shuleni: si haba, tumepita. Hapo ndipo penye mtego. Hatari haipandi hatua kwa hatua, inaruka. Kwenye ngazi ya 3 mtu mmoja akikanyaga pabaya anaweza kuangusha mteremko, na vifo vingi hutokea siku za namna hiyo, maana ikifika 4 wengi hawatoki. Tangu majira ya baridi ya 2022/23 ngazi zimeongezewa alama za kutoa (-), sawa (=) na kujumlisha (+), kuonyesha kama hatari iko chini, katikati au juu ndani ya ngazi hiyo. Nikiona 3+ nahamia njia ya msituni isiyo na miteremko mikali, sibishani na mtu.

Hata hivyo, ninachokithamini zaidi ni kile kiduara cha dira, ambacho pande zenye hatari hupakwa rangi na pembeni huandikwa kimo. Tuseme ni upande wa kaskazini, juu ya mita 2,000, theluji iliyosombwa na upepo. Ukishajua hayo unakwenda upande wa kusini, chini zaidi, na matembezi yako yanabaki palepale.

Theluji ya upepo ndiyo ninayoiogopa. Hujilundika nyuma ya kingo na miamba, ikashikamana, huku chini yake tabaka likiwa legelege. Siku moja nilisikia mngurumo mfupi, mzito, chini ya nyayo, halafu ufa mwembamba kama uzi ukatambaa mbele ya kiatu changu. Pale palikuwa karibu tambarare, ndiyo maana hakuna kilichoanguka. Taarifa ilikuwa imetaja dalili hizohizo, nyufa na mngurumo. Tuligeuza.

Ramani nayo inasaidia: njano kuanzia digrii 30 za mteremko, kisha rangi ya chungwa, nyekundu, na zambarau kuanzia 45. Usitazame unapopita tu, tazama na juu yako, kwani poromoko linaweza kukufuata hadi bondeni.

Mipaka ipo. Taarifa inazungumzia eneo zima, si mteremko ulio mbele yako, na haihusu njia za ski zinazolindwa. Inaandikwa kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza. Asiyezijua atategemea michoro, ambayo kwa bahati nzuri inasomeka. Na aliyepanda Kilimanjaro asijidanganye kwamba theluji anaijua. Kule njia za kawaida ni vumbi na changarawe kuliko theluji.

Nyota nne na nusu, ukiitumia pamoja na vifaa: kifaa cha kutafutia waliofukiwa, koleo na fimbo ndefu ya kudungia theluji. Nafasi ya aliyefukiwa kupona hupungua haraka mno baada ya dakika 10 hivi za kwanza, kwa hiyo wenzako ndio waokoaji wako. Mkikodi, jaribuni vifaa dukani. Mimi nimewahi kupewa chenye betri inayokaribia kuisha. Na simu, ikishakupa taarifa, iweke mbali na kifaa hicho, maana huvuruga mawimbi yake.