Vifaa vya ELISA vya kupima T4 huru: vinafaa Mombasa, ila joto lidhibitiwe

ELISA ni kipimo cha maabara kinachotumia rangi; hapa hupima T4 huru, yaani homoni ya tezi ya shingo (thairoidi) isiyoshikamana na protini za damu. Ndani ya sanduku mna sahani ya vishimo 96, iliyogawanywa vipande 12 vya vishimo 8, sampuli sanifu 6 (zenye kiasi cha homoni kinachojulikana), kimeng'enya kilichounganishwa na T4, dawa ya kuoshea, TMB (dawa inayotoa rangi) na asidi ya kusimamisha rangi. Seramu (majimaji ya damu yasiyo na chembe) maikrolita 50, kimeng'enya 100, subiri saa moja, osha, TMB 100 gizani kwa dakika 15, asidi 50, kisha soma rangi kwa mwanga wa nanomita 450. Kwa maabara isiyo na mashine kubwa, tunavipendekeza.

Tatizo ni joto. Maelekezo yanataka nyuzi 18 hadi 25. Chumba cha Mombasa kisicho na kiyoyozi hupita 30 mwezi wa Februari. Sahani ikitoka frijini moja kwa moja hadi mezani, vishimo vya pembeni hupata joto kabla ya vile vya katikati, na seramu ile ile hutoa majibu mawili. Itoeni mapema, mfuko ukiwa bado umefungwa. Ukifunguliwa ungali baridi, unyevu wa pwani hugeuka matone ndani ya vishimo.

Kuosha ndiko kunakoharibu majibu zaidi. Kipimo hiki ni cha ushindani: homoni ya mgonjwa hushindania nafasi kishimoni na ile yenye kimeng'enya, hivyo homoni ikiwa nyingi, rangi hufifia. Kimeng'enya kikibaki kishimoni, rangi huzidi na T4 husomeka chini kuliko ilivyo, na mtu asiye na ugonjwa anaweza kuanzishiwa dawa bure. Maikrolita 300, mara 3, kisha pindueni sahani na kuigonga kwenye karatasi kavu mpaka isiache alama ya maji.

Muulizeni mgonjwa pia kuhusu vidonge vya nywele na kucha. Vingi vina biotini (aina ya vitamini B), na sahani iliyopakwa streptavidini, protini inayonasa biotini, hudanganywa nayo: T4 hupanda, na TSH (homoni inayoamrisha tezi) ikipimwa kwa mfumo huo huo hushuka. Majibu hayo hufanana kabisa na ya ugonjwa wa Graves, ambao tezi hutoa homoni kupita kiasi. Aviache angalau siku 2. Kama dozi ni kubwa, zaidi.

Kuhusu bei, pigeni hesabu kabla ya kuagiza. Sampuli sanifu 6 na 2 za udhibiti (za kuhakiki kipimo), kila moja vishimo viwili, hula vishimo 16 kila mnapopima. Mkijaza sahani nzima, kila mgonjwa naye vishimo viwili, mnapata wagonjwa 40. Mkipima kwa vipande 3 kila mara, sanduku lile lile huishia kwa wagonjwa 16. Kliniki yenye wagonjwa wachache ni heri ipeleke seramu kwenye maabara kubwa.