Njia za Karura: nimezitembea tangu 2012, haya ndio maoni yangu

Kila wiki lazima kuna mtu ananiuliza msitu wa Karura, huu wa hapa Nairobi, ukoje, ni salama nikienda peke yangu, mtoto wa miaka sita ataweza, kuna choo ama hakuna. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hivyo naandika yote hapa mara moja. Karura naipa nyota nne na nusu kwa tano, na hiyo nusu nitawaambia imepotelea wapi.

Mama yangu mpaka leo nikimwambia naenda Karura ananiangalia vibaya. "Na huko unaendea nini?" Simlaumu. Kwa watu wa rika lake Karura ilikuwa mahali pa kutupa maiti na pa kuporwa, ukipita barabara ya Kiambu jioni unafunga dirisha la gari. Juu ya hayo kulikuwa na wale wakubwa waliokuwa wanagawiana msitu kama keki ya harusi miaka ya tisini, mpaka Wangari Maathai, yule mama mtetezi wa mazingira, na wenzake wakaenda kupanda miti pale getini Januari 1999 wakapigwa na wahuni, yeye mwenyewe akapasuliwa kichwa. Picha zake zilizunguka dunia na mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Kwa hivyo msitu ukabaki, sawa, lakini wa nani? Hakuna mtu alikuwa anathubutu kuingia.

Sasa hapa ndio watu wengi hawajui, wanafikiri serikali iliamka siku moja ikachora njia na kuweka mabango. Sheria ya misitu ya 2005 ndio iliruhusu wananchi wa karibu wajiunge kwa chama na wasimamie msitu pamoja na KFS, lile shirika la serikali la misitu, na majirani wa Karura wakaunda chao, Friends of Karura Forest. Walianza na ua wa umeme kuzunguka msitu, pesa za kuchangisha kwa watu binafsi na makampuni, wakachukua vijana wa mitaa ya jirani kama Huruma wakawa maskauti, na hao vijana ni watu walioujua msitu vizuri kwa sababu walikuwa wanatafuta kuni humo. Kwangu mimi hiyo ndio akili kubwa kuliko zote. Unamzuia vipi mtu asikate mti? Unampa mshahara wa kuulinda!

Walifungua kwa umma 2011. Mimi kuingia mara ya kwanza 2012 njia zilikuwa chache, unazunguka kidogo umerudi getini, na watu wenyewe mnahesabika, mkikutana mnasalimiana kama mko mazishini. Baadaye nikawa nikikosa miezi miwili mitatu nikirudi napata njia mpya, mara ya baiskeli, mara ya wanaokimbia, mara kipande kimeunganishwa na kingine mahali ambapo zamani ulikuwa unageuza urudi ulikotoka. Nyingine ni barabara za zamani za kazi ya msitu zimesafishwa, nyingine zimelimwa kwa jembe na panga. Alafu Sigiria, ile sehemu iliyo ng'ambo ya Limuru Road, nayo ikafunguliwa, na huko ndio mimi naenda nikitaka kimya kwa sababu wikendi upande mkubwa umejaa kama soko la Gikomba. Sasa hivi zote pamoja ni zaidi ya kilomita 50. Hamsini! Katikati ya Nairobi hii ambayo ukitaka kutembea barabarani bodaboda inakufuata mpaka juu ya pavumenti.

Kitu ninachokipenda zaidi, na ni kidogo sana, ni zile namba. Kila njia panda kuna nguzo yenye namba, na kwa ramani unaona uko wapi. Lakini zingatia, msitu sio barabara moja, usidhani ukitoka kwa namba fulani inayofuata lazima iwe ile ya mbele yake. Mimi 2016 nilijifanya mjuaji, ramani nikaacha nyumbani, nikamwambia binamu yangu aliyetoka Kakamega "twende tu huku napajua" tukazunguka karibu saa mbili tukarudi kwa nguzo ileile, binamu hasemi kitu anacheka tu chinichini. Simu ilikuwa na asilimia tatu. Tulipiga kwa skauti tukamsomea namba ya nguzo, hakuuliza mko wapi wala mnaona nini, akaja moja kwa moja na baiskeli. Hapo ndio nilielewa namba ni za nini.

Mkienda mara ya kwanza nendeni maporomoko ya maji kisha mapango, ziko karibu na ni njia ya kushuka kando ya mto, mapango ndio yale wanasema Mau Mau walikuwa wanajificha. Mvua ikinyesha hiyo njia inateleza vibaya, udongo mwekundu wa Karura ukishika raba zako haziwi nyeupe tena, usivae za kuazima. Mtoto wa miaka sita ataweza kama utakubali kumbeba wakati wa kupanda. Tumbili utawaona, ni wengi na wana tabia mbaya, ndizi yako usiitoe wazi. Mbega wale weusi na weupe ni wapole zaidi, wanakaa juu, hao waliletwa kutoka upande wa Kipipiri kule Nyandarua ambako walikuwa wanagombana na wakulima. Chupa za plastiki za kutupa acha nyumbani, zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga zote tangu Juni 2020, beba yako ya kujaza.

Kufika, kama huna gari, chukua matatu za Kiambu, zile za namba 100, ushuke pale makao makuu ya polisi wa upelelezi, DCI (zamani CID), geti liko ng'ambo. Upande wa Limuru Road chukua za Ruaka.

Sasa ile nusu nyota. Sehemu yake imeenda kwa waendesha baiskeli wanaokuja mbio kwa kona kama wanafukuzwa, kengele hawana, na kuna njia zao kabisa zimetengwa. Sehemu ingine ni mambo ya geti. Miaka mingi Mkenya mtu mzima alikuwa analipa shilingi 100 anaingia, na ile pesa unaona inaenda wapi, daraja limerekebishwa, njia imefyekwa, skauti ana buti mpya. Mwisho wa Agosti 2025 ikaamuliwa malipo yote yapitie eCitizen, ule mtandao wa serikali wa malipo, Friends of Karura wakakataa, wakaenda kortini. Mimi sio wakili na kulipa kwa simu hakunisumbui hata kidogo, ila pesa ikishaenda Nairobi ile ya maofisi nani atamkumbuka yule kijana wa kufyeka nyasi kwa njia ya Sigiria? Angalieni bei za sasa kabla hamjatoka nyumbani, msije mkabishana na askari wa geti, yeye hakuzipanga.

Choo kipo, ndio. Cha getini. Ukishaingia ndani umbali ni mrefu kwa hivyo malizana nacho kwanza.

Mama nilimpeleka mwaka jana hatimaye. Alikataa kushuka mpaka kwa mapango, akakaa kwa benchi akaanza kuniambia majina ya miti kwa Kikuyu, muhugu, mukoigo, mengine sikuwa nimewahi kuyasikia. Ameniuliza juzi tunarudi lini.