Kabla hujalipia hoteli ya pwani Zanzibar, uliza maji yanapwa mpaka wapi

Mama yangu ana maradhi ya magoti, na kwa imani yake ya Kipemba hakuna dawa ishindayo kukaa ndani ya maji ya chumvi. Nikadunduliza miezi minane, nikamlipia siku tatu kwenye hoteli ya kifahari mashariki ya Unguja. Jina silitaji. Kwenye picha zao bahari ilikuwa buluu, imejaa pomoni, imefika miguuni mwa viti.

Tulifika saa nne asubuhi, bahari hakuna. Mchanga, mwamba, vidimbwi, na mbali kabisa wanawake wa mwani wameinama kwenye mashamba yao. Mama akaniuliza jambo moja tu: "Leo mwezi ngapi?" Nikamwambia kumi na sita, kwa kalenda ya Kiislamu. "Basi hili bamvua, mwanangu. Hukuhesabu?"

Sikuhesabu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Mtoto wa Mjini mimi, niliamini picha.

Saa kumi jioni maji yakaja, tena kwa kishindo, yakapiga ukuta wa hoteli na mchanga wote ukamezwa. Pa kushukia palikuwa na ngazi za saruji zilizoota ukijani, zinateleza, hazina hata bomba la kushikia. Kwa siku tatu Mama aliitazama bahari, hakuigusa.

Kwa hiyo mtu akiniuliza hoteli gani nzuri ya kupumzikia, simwambii habari za shuka, chai ya asubuhi wala intaneti. Kwa bei wanazotoza, hivyo vyote ni wajibu wao. Mimi nauliza maji.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: tofauti ya kujaa na kupwa hufika kama mita 4, maji yanakauka kwenye saa nne na saa tano asubuhi, yanajaa jioni kwenye saa kumi. Kati ya hapo, kwenye tarehe saba na nane au ishirini na mbili na ishirini na tatu za mwezi wa Kiislamu, ni maji mafu: hayapwi sana, na asubuhi ndiyo yanajaa. Paje, Bwejuu, Jambiani, Matemwe na Kiwengwa pwani ni tambarare mpaka kwenye mwamba, ndiyo maana bahari inakukimbia. Kendwa na Nungwi, kaskazini-magharibi, kina kiko karibu, unaoga saa yoyote. Kalenda ya Kiislamu imo ukutani kwa kila mmoja wetu. Itazame kabla ya kutoa pesa.

Hoteli ya kwanza kwangu, na sifichi mapenzi yangu, ni ya Chumbe. Kisiwa kidogo kusini ya Mji Mkongwe, hifadhi ya bahari tangu 1994, mnara wake wa taa ulijengwa 1904, na vibanda vya kulala wageni ni saba tu. Paa la kila kibanda linakinga maji ya mvua, umeme ni wa jua, choo hakitumii maji. Kiyoyozi hakuna, bwawa hakuna. Niliyemtaka nilimpata hapa: mtu anayekwambia ukweli wa maji. Shughuli za siku wanazipanga kwa kujaa na kupwa. Yakijaa unakwenda kutazama matumbawe, aina zaidi ya 200 za matumbawe magumu ziko pale. Yakipwa unatembezwa juu ya mwamba, unaonyeshwa vinavyoishi kwenye vidimbwi, na kule kupwa ambako kwingine ni hasara yako, kule ni sehemu ya ulicholipia. Pesa zinarudi kwenye hifadhi na kwenye safari za watoto wa skuli zetu. Usiku niliwaona kaa wa nazi, wakubwa kuliko nilivyodhani. Bei inauma, lakini nilipolipa sikujuta. Ila kitanda kiko juu, ngazi yake imesimama wima. Mwenye magoti kama ya Mama asiende.

Ya pili ni Kendwa, kwa wanaotaka starehe kamili: hoteli ya Zuri, au Kilindi yenye nyumba chache zilizotawanyika kwenye bustani. Hapa huna haja ya kuhesabu mwezi. Sababu ni hiyo moja, na inatosha.

Ya tatu Pemba. Hoteli ya Fundu Lagoon, upande wa Wambaa, unafika kwa boti, na utulivu wake Unguja hii ya leo huupati. Hoteli ya Manta iko kaskazini kabisa, njia inapita ndani ya msitu wa Ngezi. Wana chumba kinachoelea baharini tangu 2013, unalala chini ya maji samaki wanapita dirishani. Ni cha kukumbukwa, lakini nisingekilipia zaidi ya usiku mmoja.

Hoteli ya Baraza, Bwejuu, ni nzuri mno kwa nakshi na ukarimu, ila nenda maji mafu, la sivyo utashinda bwawani. Mji Mkongwe si pa kuoga. Ukitaka jumba lenye historia, lala Emerson on Hurumzi, nyumba ya tajiri Tharia Topan, upande darini magharibi inapoingia. Hapo maji yapwe yajae, hayakuhusu.

Wenye pesa kidogo: nyumba za wageni za Jambiani. Angalia chandarua na feni.

Sasa wauzaji. Picha zote zinapigwa bahari imejaa, hakuna hata moja ya saa nne asubuhi ya bamvua. Nilipolalamika niliambiwa "maji yatarudi", kana kwamba nimetoka bara jana. Bei nilitajiwa kwa dola, kisha nilipolipa shilingi wakabadilisha kwa kiwango chao. Na bei ya wakaazi ipo hoteli nyingi, lakini usipoiuliza hutaisikia. Mimi nililipa ya wageni, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kimo mkobani. Kitoe mapema, kabla ya kulipa. Uliza na mawili haya, ujibiwe kwa maandishi: maji yakipwa naoga wapi, na ngazi za kushukia zina pa kushikia? Anayezungukazunguka kukujibu, pesa yako ibaki nayo.

Mama nilimpeleka Kendwa baadaye, kutwa tu, na chakula tulichopika nyumbani. Aliingia majini saa tatu, kanga imemvimba kiunoni, na hakutoka mpaka ilipoadhiniwa adhuhuri.