Tahadhari: beseni la miguu linalodaiwa kutoa sumu mwilini ni utapeli

Ndugu na marafiki, yule mtu wa mashine niliyewasifia wengi wenu ni tapeli, na ninaomba kila aliyepata namba yake kutoka kwangu aifute leo.

Alikuja na beseni safi, akalijaza maji ya vuguvugu mbele yetu, akatia chumvi kidogo "ili umeme upite", kisha akatumbukiza kidude chenye vipande vya chuma kilichounganishwa kwa waya na kisanduku chenye taa. Nikatia miguu. Baada ya muda mfupi maji yakaanza kupata rangi ya chungwa kuzunguka kile kidude, yakageuka kahawia, kisha yakaelea madoa meusi na povu. Hapo akakunjua chati iliyochapishwa vizuri: chungwa ni uchafu wa viungo, kijani ni nyongo, nyeusi ni ini, povu jeupe ni limfu, yaani majimaji ya mwili yanayobeba chembe za kinga. Kila aliposoma mstari alinitazama usoni na kuuliza kama huwa ninachoka mchana au ninaumwa magoti. Nani asiyechoka mchana? Nami nikawa ninaitikia tu, huku nikiyatazama maji yale kwa kinyaa.

Msinicheke. Mtu huyu hakupayuka kama wauza dawa wa barabarani. Alieleza sawasawa kwamba nyayo zina tezi nyingi za jasho, akataja kazi ya figo bila kukosea, tena akakataa kupokea fedha kabla ya kumaliza. Na baada ya yale ya kaka yangu, mnajua neno "ini" linavyonishtua.

Mpwa wangu, yule mbishi, ndiye aliyetia maji ya chumvi kwenye chombo, akaunganisha misumari miwili na betri, na rangi ileile ikatokea bila mguu wa mtu yeyote. Umeme ukipita katika maji ya chumvi, chuma huliwa na kugeuka kutu. Povu ni viputo vya gesi vikichanganyika na mafuta ya ngozi na masalia ya sabuni. Sasa ninaelewa kwa nini alibadilisha kile chuma kilichoisha, jambo ambalo mimi nililisifu kuwa ni usafi! Chuma hicho kilikuwa kimeingia majini, nami nikaambiwa ni ini langu. Jasho ni maji na chumvi zaidi ya kitu kingine. Figo ndizo zinazochuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, bila beseni.

Fedha ningesamehe. Nisilosamehe ni kumwambia shangazi "apumzishe" dawa za shinikizo la damu kwa kuwa sumu imeshatoka, ilhali shinikizo hupanda kimyakimya hadi mtu apate kiharusi. Ashtakiwe, mashine itaifishwe, arudishe fedha za kila aliyemtapeli, na chati yake ichomwe mbele yake.

Mnaotaka dalili: hataji sumu ni ipi, hapimi damu kabla wala baada, na ukimwomba awashe mashine bila miguu ndani anapata haraka ya kuondoka. Shangazi amerudi kwa daktari wake. Mwenye risiti au picha ya ile chati anitumie, kwa sababu malalamiko ninayapeleka rasmi wiki hii.