Uzoefu wangu: kujitolea katika makumbusho ya historia ya mji mdogo

Makumbusho ninayoyaeleza hapa ni ya mji mdogo. Yana vyumba vichache vya maonesho, stoo moja iliyojaa hadi darini, na mwajiriwa mmoja tu wa kudumu, ambaye ndiye msimamizi wa mkusanyo, mkatisha tiketi, na mtu wa kumtafuta fundi paa linapovuja. Kazi zilizobaki hufanywa na watu wa kujitolea, nami ni mmoja wao. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya yule anayefikiria kujiunga na makumbusho ya aina hii, au anayejiuliza kama matukio yanayoandaliwa kwa ajili ya wakazi yanastahili kutengewa siku nzima ya mapumziko. Jibu langu ni kwamba yanastahili, kwa sharti moja: makumbusho yawe tayari kuandika yale ambayo wakazi wanayajua, badala ya kuwasomea tu yale ambayo tayari yameandikwa ukutani.

Kujiunga hakukuwa na urasimu. Nilijaza fomu, nikaulizwa siku ninazopatikana na kazi ninazoziweza, nikaelezwa taratibu za moto na katazo la kula au kunywa ndani ya stoo, kisha nikapangiwa zamu. Zamu za mwanzo zilikuwa za mlangoni, na mtu asitegemee makubwa huko, kwa kuwa wageni wengi huuliza choo kilipo kabla ya kuuliza jambo lolote la historia. Utamu wa kazi ulianza nilipohamishiwa stoo.

Huko nilifundishwa mambo ambayo mgeni wa kawaida hayaoni kabisa. Kalamu ya wino hairuhusiwi karibu na nyaraka; kila kitu huandikwa kwa penseli laini, kwa sababu alama ya penseli hufutika ilhali doa la wino halitoki. Klipu, pini na chuma cha stepla huondolewa taratibu, kwa kuwa vikishika kutu hula karatasi na kuacha duara la kahawia lisiloondoka. Nilidhani glavu nyeupe za pamba huvaliwa kwa kila kitu, kama tunavyoona kwenye televisheni, kumbe karatasi hushikwa vizuri zaidi kwa mikono mitupu iliyooshwa na kukaushwa, kwani glavu hupunguza hisia za vidole na kurahisisha ukingo wa ukurasa kuchanika. Picha na vitu vya chuma ndivyo vinavyohitaji glavu, hasa za nitrili (aina ya mpira wa kiwandani), kwa sababu jasho na mafuta ya ngozi huacha alama zinazojitokeza baada ya muda mrefu.

Kila kitu kina nambari yake ya usajili. Nambari kama 1998.12.3 humaanisha kwamba kitu kilipokelewa mwaka 1998, katika kundi la 12 la mwaka huo, nacho ni cha tatu katika kundi hilo. Kwenye nguo, nambari huandikwa juu ya utepe wa pamba na kushonewa kwa nyuzi chache mahali pasipoonekana. Kwenye chombo cha udongo, hupakwa kwanza tabaka jembamba la vanishi inayoweza kuondolewa baadaye, na nambari huandikwa juu ya tabaka hilo. Kanuni inayorudiwa kila mara ni kwamba usifanye jambo lolote ambalo mwingine hataweza kulitengua. Nilishuhudia pia kikapu kilichoingiwa na wadudu kikifungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa kwenye friza: katika nyuzi 30 chini ya sifuri siku tatu hutosha, lakini friza ya kawaida ya nyuzi 18 chini ya sifuri huhitaji wiki mbili. Mwanga nao una hesabu zake. Nguo, picha za rangi ya maji na picha za zamani hazipaswi kupata zaidi ya lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu), na madhara ya mwanga hujumlishwa mwaka hadi mwaka bila kurekebishika. Mgeni anayelalamika kwamba chumba cha nguo kina giza anastahili kuelezwa hivyo, na ni jambo la kusikitisha kwamba hakuna kibao chochote cha kumweleza.

Sasa nije kwenye matukio. Kalenda ya mwaka hujengwa kuzunguka Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, ambayo huadhimishwa tarehe 18 Mei au karibu na tarehe hiyo. Siku hiyo ilianzishwa mwaka 1977 na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, chombo kilichoundwa mwaka 1946. Baraza hilohilo, katika mkutano wake wa Prague mwaka 2022, lilipitisha maana mpya ya makumbusho inayotaja wazi ushiriki wa jamii. Ninalitaja hilo kwa sababu msimamizi wetu hulinukuu katika kila hotuba, na matukio yenyewe si yote yanayolitimiza.

Mihadhara ya jioni, kwa mfano, sikuipenda. Mzungumzaji husoma kurasa zake, slaidi zina maandishi madogo, na muda wa maswali huisha kabla haujaanza. Meza ya watoto ni bora zaidi, kwa sababu kuna vitu vilivyotengwa mahsusi kwa kushikwa, ambavyo havimo katika rejesta ya kudumu, hivyo mtoto anaweza kuminya vitufe vya taipureta mpaka achoke bila mtu mzima kumkaripia. Lakini tukio lililonifanya nibaki ni siku ya kutambua picha.

Tukio hilo ni rahisi kuandaa. Picha zisizo na maelezo hunakiliwa na kukuzwa, nakala hupangwa mezani, na kila sura hupewa tarakimu juu ya karatasi angavu iliyolazwa juu ya picha. Picha halisi hazitoki stoo. Wakazi huketi, hutazama, na mtu wa kujitolea aliye kando yao huandika wanachosema. Nilikuwa nimeketi na bibi mmoja mbele ya picha ambayo rejesta yetu iliieleza kuwa ni ya wanafunzi wa shule, mwaka usiojulikana. Aliivuta karibu, akakunja paji la uso, kisha akaweka ukucha juu ya kifua cha msichana wa pili kutoka kushoto. "Hawa si wanafunzi wa shule, mwanangu," akasema, "hawa wanasomea uuguzi. Huoni saa walizobandika?" Kweli zilikuwapo, saa ndogo zilizoning'inia kichwa chini ili mvaaji aweze kuzisoma, na zilizobandikwa kifuani kwa sababu muuguzi hunawa mikono mara kwa mara na hatakiwi kuwa na kitu kwenye kifundo cha mkono. Sisi sote tuliokuwa tumeishika picha hiyo tuliziona kama vifungo. Alitaja majina ya wawili kati yao, na mzee aliyekuwa meza ya jirani akaja kubishana naye kuhusu jengo lililo nyuma, akidai kwamba paa lile liliezekwa upya baadaye, hivyo picha haiwezi kuwa ya miaka anayoisema bibi. Niliandika maelezo ya wote wawili, kila mmoja na sababu yake, kwa kuwa si kazi yangu kuamua nani mkweli.

Hapa ndipo penye lawama yangu kubwa. Karatasi ile, pamoja na nyingine zote za siku hiyo, iliwekwa ndani ya boksi juu ya kabati, na ilikaa huko kwa muda mrefu. Wauguzi waliendelea kuwa wanafunzi wa shule katika rejesta na katika nakala iliyokuwa ukutani, hata bibi aliporudi kwenye tukio jingine na kuiona. Hakusema kitu, lakini mimi niliyemwandikia niliona aibu. Wakazi walitoa maarifa, wakashukuriwa kwa kipaza sauti, na maarifa yao hayakuingia mahali popote ambapo mtafiti au mjukuu wao angeweza kuyapata. Ninaelewa kwamba mtu mmoja hawezi kuandaa tukio, kulisimamia, kisha kuingiza matokeo yake kwenye kompyuta. Bado naona kwamba makumbusho yasiyo na mtu wa kuingiza majibu yasiitishe tukio la kuuliza maswali.

Nililieleza jambo hili katika kikao cha wanaojitolea, na kwa haki ya msimamizi niseme kwamba hakujitetea. Aliunda kikundi kidogo cha kuingiza kumbukumbu, na tulikubaliana kwamba maelezo ya awali yasifutwe bali yaongezewe mapya, pamoja na jina la msemaji kama ameridhia, tarehe, na msingi wa anachokisema: alikuwapo, alisimuliwa, au anakisia. Kwa mtafiti, mambo hayo matatu yana uzito tofauti kabisa. Picha ya wauguzi sasa ina maelezo sahihi na mabishano ya paa yamewekwa chini yake. Boksi lenyewe bado halijaisha.

Kurekodi historia simulizi ni huduma nyingine ya makumbusho haya, na inafanywa kwa nidhamu zaidi. Msimuliaji husaini fomu ya ridhaa baada ya kuelezwa kwamba anaweza kuzuia sehemu fulani isisikilizwe na umma, na wengine huzuia kweli. Tunafundishwa kuzima feni na friji kabla ya kurekodi, kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa ndiyo au hapana, na hasa kunyamaza sekunde chache baada ya jibu, kwa sababu mara nyingi jambo lenyewe hufuata baada ya kimya hicho. Faili huhifadhiwa katika WAV, muundo wa sauti usiobanwa ili kupunguza ukubwa wa faili, katika nakala zisizokaa jengo moja.

Jambo ambalo halisemwi kwa wanaojiunga ni ugumu wa kukataa vitu. Kila tukio la wakazi huleta watu wenye mifuko: cherehani ya mama, redio ya mbao, vyeti vya marehemu baba. Makumbusho hayawezi kupokea kila kitu, na stoo ina cherehani za kutosha. Aliye mezani haruhusiwi kupokea zawadi papo hapo. Hutoa stakabadhi ya muda, kamati huamua, na kikikubaliwa husainiwa hati ya kukabidhi inayohamisha umiliki. Tulichofunzwa ni kuuliza habari ya kitu kabla ya kukitazama kitu chenyewe. Cherehani ya aina inayojulikana, lakini yenye daftari la wateja wake, ina thamani ambayo cherehani kumi zilizong'arishwa hazina. Hata hivyo, kumwambia mtu kwamba urithi wa baba yake hautachukuliwa ni kazi nzito, na ningependa tungepewa mafunzo zaidi kuhusu maneno ya kutumia.

Kasoro nyingine ni za kawaida. Ratiba ya zamu hubadilishwa usiku wa kuamkia siku yenyewe. Matukio mengi hufanyika ghorofani, ambako ngazi huwazuia wazee walewale ambao kumbukumbu zao tunazihitaji zaidi, ingawa chumba cha chini hubaki kitupu. Viti vyenye egemeo ni vichache, na taa ya mezani ya kumsaidia mwenye macho hafifu kuiona picha vizuri ililetwa na mmoja wetu kutoka nyumbani.

Anayetaka kujiunga ningemshauri aulize maswali mawili kabla ya kujaza fomu: ni nani anayeingiza kwenye rejesta yale yanayosemwa na wakazi, na ni lini yaliingizwa mara ya mwisho. Kama hapendi kazi ya kimya na ya kurudiarudia, achague meza ya watoto, ambako hakuna kusinzia. Kama anaipenda, aombe stoo tangu mwanzo, maana zamu za mlangoni hazihitaji ujuzi wowote. Kwa sasa kikundi chetu kinahitaji hasa mtu anayechapa haraka na anayeweza kusoma mwandiko wa watu wengine, na maombi hupokelewa wakati wowote makumbusho yakiwa wazi.