Globu za LED za wati 9: ya shilingi 2,500 na ya shilingi 6,000

Miezi saba iliyopita nilibadilisha globu zote za nyumbani kwangu Kirumba. Katika duka moja la vifaa vya umeme katikati ya jiji la Mwanza nilichukua LED tatu za shilingi 2,500 na nyingine tatu za shilingi 6,000, zote zikiwa zimeandikwa wati 9. Boksi la zile za bei ya juu lilitaja pia lumeni 806, yaani kiasi cha mwanga wenyewe. Boksi la zile rahisi halikutaja lumeni, bali liliahidi saa 25,000, ambazo kwa kuwasha saa tano kila usiku ni zaidi ya miaka 13. Moja kati yake ilizimika kabla mwezi wa nne haujaisha.

Kuhusu umeme sina lalamiko. Globu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila siku hula uniti 9 kwa mwezi, kwa hiyo nne zinakula uniti 36, wakati LED nne za wati 9 hazifikishi hata uniti 6. Kwa mteja mdogo wa TANESCO anayejitahidi asivuke uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu nusu ya posho yake iliyokuwa ikiishia kwenye joto, maana globu ya waya hugeuza takriban asilimia 90 ya umeme kuwa joto. (Anayelea vifaranga kwa globu hizo atanipinga, na ana haki.)

Tofauti ilijitokeza kwenye mwanga. Niliziweka kwa zamu katika holda ileile ya sebuleni, na ile ya bei rahisi ikamlazimu mwanangu kusogeza daftari karibu zaidi na taa, ingawa wati zilizoandikwa ni zilezile. Wati hueleza kinacholiwa tu. Kinachotolewa hakijulikani mpaka ufike nyumbani. Ndiyo sababu nimeufuatilia kwa hamu ubishi wa Wamarekani kuhusu globu. Sheria yao ya mwaka 2007, iliyotiwa saini na George W. Bush, ilifungua njia ya kiwango cha angalau lumeni 45 kwa kila wati. Serikali ya Donald Trump ikakikwamisha mwaka 2019, na ya Joe Biden ikakirejesha mwaka 2022. Wapinzani walisema serikali haina kazi ya kumchagulia mtu taa ya chumbani kwake. Ninawaelewa, kwa kuwa hata mimi sikuupenda ule mwanga mweupe wa baridi. Lakini uhuru wa kuchagua unahitaji boksi linalosema kweli, na kipimo cha lumeni kwa wati humlazimisha mtengenezaji kutaja mwanga. Globu yangu ya shilingi 6,000, kwa maelezo ya boksi lake, inafikia karibu lumeni 90 kwa wati, mara mbili ya kiwango hicho.

Hata hivyo, kipimo hicho peke yake hakisemi taa itadumu muda gani. Fundi alipoifungua ile iliyokufa, alikuta vipande vya LED vikiwa vizima, ila kapasita ya saketi yake, kile kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme, ilikuwa imevimba. Ilikuwa taa ya barazani, ndani ya kifuniko cha kioo tulichokiweka kwa ajili ya wadudu wa ziwani, ambao wakivuma jioni hujaza taa nzima. Kifuniko kinazuia wadudu, na joto nalo linabaki ndani. Boksi halikuonya lolote. Ya shilingi 6,000 niliyoiweka mlango wa nyuma, katika kifuniko cha aina ileile, bado inawaka, na mwanga wake wa manjano huvuta wadudu wachache zaidi.

Duka lenyewe lina sifa moja nzuri: kila globu hujaribiwa kwenye holda ya kaunta kabla hujalipa. Nilipoirudisha ile mbovu pamoja na risiti, muuzaji alicheka kwa upole akasema, “Mama yangu, waranti ya globu inaishia mlangoni.” Nilinunua nyingine ya shilingi 6,000 kwa ajili ya baraza, kwa sharti kwamba waranti iandikwe nyuma ya risiti. Mimi niliomba mwaka mmoja. Yeye, baada ya kuigeuza kalamu mara kadhaa, akaandika miezi mitatu.